Boti ya wawili ikienda kombo, msikimbilie kumlaumu mmoja

Katika mchezo wa kupiga makasia, boti ya wawili ikipinda tu, hakosekani wa kusema ukingoni: mmoja hana nguvu, mbadilisheni. Inachosha. Wawekeni wawili wenye nguvu sawasawa, kila mmoja na kasia lake, mmoja kulia, mwenzake kushoto, boti bado itayumba.

Pini zao, yaani vyuma ambavyo makasia huzungukia, hazitazamani. Ya omo, mbele ya boti, imetangulia ya tezi, nyuma. Kasia linapozama, kila pini inasukumwa kuelekea ndani ya boti: omo inakwenda huku, tezi kule, na boti inageukia upande wa kasia la tezi. Mvuto ukifika mwisho, pini zinavutwa nje na boti inageukia upande wa pili. Boti ya wanne inalimaliza tatizo hili kwa kuweka makasia mawili ya katikati upande mmoja. Wawili hawana njia hiyo. Wanachobaki nacho ni mgawanyo wa nguvu: wa tezi atie nguvu mapema, mara kasia linapozama, wa omo aishikilie hadi mwisho. Makasia yaingie na kutoka pamoja, lakini nguvu isipande wala kushuka kwa namna moja. Hapo ndipo makocha wengi wanapopotea, wanapooanisha watu kwa muda wa mashine ya mazoezi peke yake.

Mwingereza Helen Glover alianza mchezo huu mwaka 2008. Yeye na Heather Stanning, katika boti ya wawili, walipata medali ya fedha ya dunia Karapiro, New Zealand, 2010, fedha tena Bled, Slovenia, 2011, ndipo dhahabu ya Olimpiki ya London 2012 huko Dorney, na nyingine Rio 2016. Baada ya fedha mbili, wale wa "badilisha mmoja" wangewatenganisha.

Usukani, unaoongozwa kwa kiatu cha mmoja wao, ni wa kurekebisha upepo na njia. Ukiutumia kufukuza kila myumbo, unaiburuza boti mita zote 2000.

Kasia lina takribani sentimita 374, na 116 hivi kati ya hizo ni za ndani ya pini. Wapo wanaomwongezea wa omo sentimita moja ndani ili kasia lake lisigeuze boti sana. Sijaridhika kama hilo linatibu au linaficha mvuto usio na mpangilio. Kwanza shikeni usukani katikati, mvute mara 18 kwa dakika, kisha 34, mkienda na mkirudi ili upepo usiwadanganye. Ikipinda kwenye 34 tu, acheni spana, msibadili vipimo. Rekebisheni namna kasia linavyozama.