Nebraska na kura zake tano: maana ya kugawa kura za wajumbe

Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2020, wapiga kura wa jimbo la Nebraska walimpa Donald Trump, Mrepublican, kura 556,846, na Joe Biden, Mdemokrati, 374,583. Hiyo ni asilimia 58 kwa 39, ushindi usio na ubishi. Hata hivyo Biden hakutoka mikono mitupu. Jimbo hilo lina kura tano za wajumbe. Trump alichukua nne, Biden akapata moja. Miaka minne baadaye Trump alifika asilimia 59, na bado Kamala Harris akaondoka na ile ile moja. Barack Obama alikuwa ameshaipata mwaka 2008.

Majimbo 48 kati ya 50 ya Marekani hayaruhusu kitu kama hiki. Huko anayeongoza hata kwa kura chache huzoa wajumbe wote, na aliyeshindwa hapati kitu. Nebraska na Maine peke yao ndiyo yanayogawa, na kwa kuwa yote mawili ni majimbo ya mashamba na miji midogo, habari zao huwa hazisikiki mpaka hesabu ya taifa inapobana.

Tuanze na kura ya mjumbe yenyewe. Rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Kila jimbo hupewa idadi ya wajumbe wa uchaguzi inayolingana na wabunge wake wa Washington: maseneta wawili, ambao kila jimbo linao liwe kubwa au dogo, kisha idadi ya wawakilishi wake, ambayo hutegemea wingi wa watu. Nebraska, yenye watu kama milioni mbili, ina maseneta wawili na wawakilishi watatu. Ndiyo hao wajumbe watano. California ina 54. Ukijumlisha majimbo yote pamoja na wajumbe watatu wa mji mkuu, Washington, unapata 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Katiba imetaja idadi tu. Namna ya kuwapata wajumbe hao imeachiwa bunge la kila jimbo, na hapo ndipo Nebraska ilipopata mwanya wa kwenda kivyake.

Watu wengi wakisikia kwamba Nebraska inagawa kura zake hudhani inagawa kwa asilimia. Sivyo. Ingekuwa kwa asilimia, mtu mwenye 39 kwa mia ya kura angepata wajumbe wawili kati ya watano, na matokeo ya 2020 yangekuwa 3 kwa 2. Sheria ya Nebraska inafuata mipaka. Jimbo limekatwa wilaya tatu za uchaguzi, zile zile zinazotumika kuchagua wawakilishi wa Washington. Anayeshinda ndani ya wilaya anapata mjumbe mmoja wa wilaya hiyo. Wajumbe wawili waliobaki, wale wanaotokana na viti vya useneta, wanakwenda kwa aliyeongoza jimbo zima.

Kwa mpiga kura, karatasi haina tofauti yoyote na ya jimbo jingine. Anapaka wino kiduara kimoja mbele ya jina la mgombea urais na mgombea mwenza wake, basi. Hachagui mjumbe wa wilaya upande huu na mjumbe wa jimbo upande ule. Tofauti inakuja kwenye kujumlisha, maana kura hiyo moja huhesabiwa mara mbili: kwanza kwenye jumla ya wilaya yake, halafu kwenye jumla ya Nebraska nzima. Mkazi wa Omaha aliyempigia Biden mwaka 2020 alishinda katika hesabu ya kwanza na kushindwa katika ya pili, kwa karatasi ile ile.

Omaha ndiyo wilaya ya pili. Ni jiji la kando ya mto Missouri, mashariki kabisa ya jimbo. Malcolm X alizaliwa hapo mwaka 1925. Jiji hilo limo katika Kaunti ya Douglas, yenye watu zaidi ya 584,000, karibu thelathini kwa mia ya Wanebraska wote. Wilaya ya tatu ni kinyume chake: imechukua sehemu kubwa ya ardhi ya jimbo, kati na magharibi, nchi ya mahindi na malisho, ambako kaunti nzima inaweza kuwa na watu wasiozidi mia tano. Nebraska ina ng'ombe takriban mara tatu ya idadi ya watu, na wengi wao ni wa huko. Katika wilaya hiyo Trump alipata robo tatu ya kura mwaka 2020. Katika Kaunti ya Grant, kwenye vilima vya mchanga, alipita asilimia 90. Huko Omaha, Biden alimshinda kwa kura 176,468 dhidi ya 154,377. Pengo la kura kama elfu 22 katika kona moja ya jimbo lilitosha kuipata ile moja, ingawa jimbo zima alilikosa kwa zaidi ya kura laki moja na elfu themanini.

Wilaya ya kwanza ndiyo inayonifanya nisiusifu mfumo huu kupita kiasi. Ndani yake kuna Lincoln, mji mkuu wa Nebraska na makao ya chuo kikuu chake. Kaunti ya Lancaster, ambamo mji huo upo, Biden aliishinda pia. Lakini Lincoln imefungwa pamoja na kaunti za wakulima zinazoizunguka, kura zake zikamezwa, na mjumbe wa wilaya akaenda kwa Trump. Miji miwili mikubwa ya jimbo moja, yote ilimpa Biden kura nyingi. Mmoja ukahesabika kwa mjumbe, mwingine haukuhesabika. Tofauti ni mahali mstari ulipopita, na mistari hiyo huchorwa upya na wanasiasa wa jimbo kila baada ya sensa ya miaka kumi.

Obama aliliona hilo kwa vitendo. Mwaka 2008 alishinda wilaya ya Omaha kwa kura chache, ikawa mara ya kwanza kwa Mdemokrati kupata mjumbe Nebraska tangu Lyndon Johnson mwaka 1964. Mwaka 2011 mipaka ilichorwa upya. Sehemu za Kaunti ya Sarpy, jirani na Omaha, zilizokuwa zikielemea upande wa Wademokrati zikaondolewa, zikaletwa nyingine za Warepublican. Uchaguzi wa 2012 Mitt Romney alizoa zote tano. Baada ya sensa ya 2020 Kaunti ya Saunders, ya wakulima, ikaongezwa kwenye wilaya hiyo hiyo, na safari hii haikutosha: Harris alishinda. Cha ajabu, wapiga kura hao hao wa Omaha walimrudisha bungeni Washington Don Bacon, Mrepublican, mwaka ule ule wa 2024, kama walivyofanya 2020. Kwa hiyo wanaodhani Omaha ni ngome ya chama kimoja hawaijui vizuri.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1991 kwa mswada wa seneta wa bunge la jimbo, DiAnna Schimek, ikatiwa saini na gavana Ben Nelson, na kuanza kutumika 1992. Maine ilikuwa imetangulia. Sheria yake ni ya 1969. Hoja kubwa ya Nebraska ilikuwa rahisi: wagombea urais hawakuwa wakifika, maana matokeo yalikuwa yakijulikana kabla ya kampeni kuanza. Kukiwa na mjumbe mmoja wa kugombaniwa, watakuja. Na kweli siku hizi wanakuja, ingawa wanashukia Omaha na kuondokea Omaha. Mfugaji wa wilaya ya tatu bado anawaona kwenye televisheni tu, na sijui kama mswada ule uliwahi kumfikiria.

Umuhimu wa kura hiyo moja ulionekana wazi mwaka 2024. Wakati kampeni zinapamba moto, njia iliyotajwa sana ya Harris kufika ikulu ilikuwa kushinda Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, huku akiyakosa majimbo mengine yote yenye ushindani. Ukipiga hesabu hiyo, alikuwa anafika 270 kamili, si zaidi. Kura ya mwisho katika hiyo 270 ni ya Omaha. Iondoe, wagombea wanatoka sare ya 269 kwa 269, na uamuzi unahamia Baraza la Wawakilishi. Huko kila jimbo hupiga kura moja: Wyoming yenye mwakilishi mmoja inalingana na California yenye 52. Marekani imeamua urais kwa njia hiyo mara mbili tu, kwa uchaguzi wa 1800 na ule wa 1824.

Mitaani Omaha, mbele ya nyumba, yakaanza kuchipuka mabango meupe yenye duara la bluu katikati, bila neno hata moja. Kila mtu pale alielewa maana yake: doa la bluu, rangi ya Wademokrati, ndani ya jimbo jekundu, rangi ya Warepublican.

Upande wa pili nao haukulala. Gavana Jim Pillen alitaka bunge la jimbo liitishwe kwa dharura lirudishe utaratibu wa mshindi kuchukua zote kabla ya Novemba, na katikati ya Septemba seneta Lindsey Graham alifunga safari kutoka Washington kwenda kuwashawishi wabunge. Bunge la Nebraska ni la pekee Marekani: lina chumba kimoja tu, wabunge 49, na kwenye karatasi ya kura majina yao hayaandikiwi chama. Mswada wenye upinzani mkali unaweza kucheleweshwa kwa mjadala usiokwisha, na kuukata mjadala huo kunahitaji kura 33. Warepublican walikuwa 33 kamili. Mmoja akikataa, basi.

Aliyekataa ni Mike McDonnell wa Omaha, kiongozi wa zamani wa chama cha wafanyakazi wa zimamoto, ambaye miezi michache kabla alikuwa bado Mdemokrati. Tarehe 23 Septemba alitangaza kwamba siku 43 kabla ya uchaguzi si wakati wa kubadilisha sheria. Jambo hilo liamuliwe baadaye na wananchi wenyewe kwa kupiga kura juu ya katiba ya jimbo. Mpango ukafa siku hiyo. Muda ambao Warepublican walianza kusukuma mpango huo nao haukuchaguliwa kwa bahati mbaya, kwa maoni yangu. Mapema mwaka huo viongozi wa Wademokrati kule Maine walikuwa wamesema Nebraska ikifuta mgawanyo wake, nao watafuta wa kwao, ambako kura moja ya vijijini humwendea Trump tangu 2016. Lakini sheria ya kawaida Maine huanza kutumika siku 90 baada ya bunge kufunga kikao, kwa hiyo ilipofika Septemba Maine isingeweza tena kulipiza.

Mwishowe hesabu hizo zote hazikuhitajika. Harris alipoteza majimbo yote saba yaliyoshindaniwa, akaishia na wajumbe 226, ile ya Omaha ikiwemo, dhidi ya 312 wa Trump. Mswada wa kufuta mgawanyo ulirudi bungeni Lincoln mwaka uliofuata, na Aprili 2025 ikapigwa kura ya kukata mjadala: 31 walikubali, 18 wakakataa. Zilipungua mbili.