Windows iliyokrakiwa si open source

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, neno open source limekuwa midomoni mwa watu wengi hapa Mwanza. Laptop nyingi za mtumba tunazonunua hazina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, kwa hiyo watu wanatafuta njia nyingine. Wanafanya vizuri. Lakini pita kwenye maduka ya mafundi pale katikati ya mji uulizie hiyo njia nyingine, utaambiwa: “Nakupigia Windows open source, buku kumi tu.” Panda hadi Malimbe kwa wanafunzi, utasikia WhatsApp nayo ni open source kwa sababu hailipiwi.

Hakuna Windows open source. Anachokupigia fundi ni Windows iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa leseni. WhatsApp nayo si open source.

Open source, au programu huria, ni programu ambayo msimbo wake, yaani yale maandishi ya mtengenezaji kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, umewekwa wazi chini ya leseni inayokuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo, kuubadili, na kuigawa au kuiuza upya. Windows haikupi ruhusa hizo. macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ina sehemu ya chini iliyo wazi, iitwayo Darwin, ila kile unachokiona na kukibofya juu yake kimefungwa. Ubuntu, Debian na Linux Mint, mifumo ya Linux inayoweza kukaa mahali pa Windows, zimejengwa juu ya programu huria. Maana ndiyo hiyo.

Sasa angalia: katika maana hiyo bei haikutajwa popote. Haikusahauliwa. Suala hili tangu mwanzo halikuwa la bei, na ushahidi ni kisa cha printa. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Printa yao ya zamani alikuwa ameiongezea programu yake mwenyewe, karatasi zikikwama watu wanapata taarifa. Ikaja printa mpya kutoka Xerox, nayo ikawa inakwama, lakini safari hii msimbo haukuja nayo. Alipomfuata mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, alinyimwa, maana yule alishaahidi kutoutoa. Na printa yenyewe maabara ilipewa zawadi! Hawakuilipia, na bado hawakuwa na uwezo wa kuitengeneza.

Septemba 1983 Stallman akatangaza GNU, mradi wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake ya GPL. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaandika kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Jina la open source lilikuja baadaye. Januari 1998 kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itauweka wazi msimbo wa kivinjari chake, na Februari Christine Peterson akapendekeza jina hilo, kwa sababu jina la awali, free software, lilikuwa likiwafanya watu wafikirie bei badala ya ruhusa, maana free kwa Kiingereza ni huru na pia ni bure. Yaani lilitungwa makusudi kukwepa mkanganyiko huu huu ambao sisi tunaurudisha.

Programu huria inauzika. Kampuni ya Red Hat ilijengwa kwa kuuza huduma za Linux, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Wala si mali isiyo na mwenyewe: GPL inasimama juu ya hakimiliki, na ukikiuka masharti yake unaweza kushtakiwa. Kinyume chake, WhatsApp hulipii hata shilingi na huruhusiwi kuona kilichomo ndani. Ukitaka mfano wa programu huria uliyo nayo tayari, ni VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani unayoangalizia muvi.

Windows iliyokrakiwa ndiyo iko mbali zaidi. Fundi akiipiga, kwanza anazima antivirus, kisha anachomeka flashi na kuendesha programu ya kuivunja leseni. Yale maandishi ya kona ya chini kulia, yanayokudai leseni, yanapotea, na mara nyingi anazima na apdeti kabisa. Msimbo wa Windows umebaki umefungwa vilevile. Kilichoongezeka ni programu ya mtu usiyemjua, iliyopewa mamlaka yote juu ya mashine yako, na mlinzi ameondolewa ili ipite. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu mteja ameondoka akiamini amepewa kitu kilicho wazi.

Tofauti hii ina uzito hata visiwani. Takwimu za vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya, kutoka vituo vya afya, vya Ukerewe vikiwemo, huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Kwa kuwa ni huria, wataalamu wetu wanaweza kuufungua na kuurekebisha ulingane na fomu zetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, leseni ilishaitoa. Kwa programu iliyokrakiwa huwezi kufanya kazi ya namna hiyo.

Kwa hiyo, fundi wangu, mteja akitaka Windows isiyo na leseni, mwambie ni Windows isiyo na leseni, aamue akijua. Akitaka open source, mwekee Linux Mint kwenye flashi, aiwashe hapohapo dukani bila kugusa diski yake, ajaribu Wi-Fi, printa na faili zake za Word ndani ya LibreOffice, programu huria za ofisi. Akiridhika ndipo umwekee moja kwa moja. Na hiyo buku kumi yako itoze bila wasiwasi, leseni inaruhusu.