Kujisikia mzima si kipimo cha kaswende
Huku Dodoma, kuanzia Chamwino hadi Kongwa, bado nasikia wajawazito wakisema: “Sina kidonda wala muwasho, kaswende nipimwe ya nini?” Hapana, dada yangu. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, tena hupona chenyewe, huku bakteria wakibaki mwilini kimya kimya. Hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto: mimba ikaharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa na ugonjwa. Na kutokuwa na VVU hakusemi lolote kuhusu kaswende. Kipimo ni damu kidogo tu, hudhurio la kwanza kliniki. Ikigundulika, sindano ya penisilini humtibu mama pamoja na mtoto tumboni. Iwahi, isisubiri mwezi wa mwisho. Baba naye atibiwe, asije akamwambukiza mama upya.