Kutengwa mchezoni: mtoto anaipimaje haki?

Jumamosi moja jioni, Pasua hapa Moshi, watoto walikuwa wanagawana timu za chandimu. Mawe mawili huku, kandambili mbili kule, mpira wa makaratasi na nailoni umekazwa kwa kamba. Binti wa miaka kama tisa akasogea, akaomba kuingia. Mvulana wa kwanza akamjibu, "Mpira siyo wa wasichana." Wa pili akasema, "Tumeshatimia, halafu hajui, atatufungisha." Wa tatu, mdogo kuliko wote pale, akawageukia wenzake: "Sasa mbona mnamkataa? Siyo haki, na yeye anataka kucheza."

Majibu hayo matatu yamebeba karibu kila kitu ninachotaka kueleza kuhusu kutengwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kutenga si kitenzi kibaya. Tunatenga chakula mezani, tunatenga hela ya ada kabla haijaliwa na matumizi mengine. Ni kuweka kitu kando kwa makusudi. Akitengwa mtu, lile kusudi linabaki, ila safari hii anayewekwa kando hakuulizwa. Kubaguliwa ni jambo la karibu lakini si lilelile. Timu ikihitaji watoto sita na wamekuja saba, mmoja atakaa nje bila ubaguzi wowote. Akikaa nje kwa sababu ya jinsi yake, kabila lake au kwa kuwa yeye ni mtoto wa geti kali asiyeonekana mtaani siku zote, hapo tumeingia kwenye ubaguzi. Kuna na kuchuniwa: hakuna aliyekwambia usicheze, uko uwanjani, lakini hupewi pasi. Hili ndilo gumu zaidi kwa mtoto kumweleza mzazi, maana akiulizwa "wamekwambia nini?" jibu ni "hawajaniambia kitu."

Watu wazima wengi tunadhani mtoto anayemtenga mwenzake bado hajaijua haki, kwa hiyo dawa ni kumfundisha. Naona hapo tunakosea. Anaijua. Kinachotokea ni kwamba anapima mizani miwili kwa wakati mmoja, wa haki na wa kundi lake, na mara nyingine wa kundi unazidi.

Uchunguzi wa jambo hili ulianzia kwenye gololi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliwafuata watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Matokeo aliyatoa mwaka 1932. Aliona kwamba wadogo huzichukua sheria kama amri zilizoshuka kutoka kwa wakubwa, na wanapofikia miaka kumi na zaidi wanaziona kama makubaliano yao wenyewe.

Baadaye mwanasaikolojia Mmarekani Elliot Turiel alionyesha kwamba hata wadogo wana akili ya kutenganisha mambo kuliko Piaget alivyowapa. Unaweza kulijaribu hili nyumbani leo. Muulize mtoto wa miaka minne au mitano: mwalimu akisema ruksa kuja shule bila sare, ni sawa? Wengi watasema sawa. Kisha muulize: mwalimu akisema ruksa kumpiga mwenzako, ni sawa? Atakataa, na sababu atakupa: anaumia. Sare ni utaratibu, mwenye mamlaka anaweza kuubadili. Maumivu ya mwenzake hayangoji ruhusa ya mwalimu.

Kutengwa kunakaa katikati ya hayo mawili, ndiyo maana kunawachanganya. Melanie Killen wa Chuo Kikuu cha Maryland ametumia miaka mingi kuwauliza watoto kuhusu jambo hili tu. Katika utafiti aliouchapisha na Charles Stangor mwaka 2001, watoto wa darasa la kwanza, la nne na la saba waliulizwa kuhusu vikundi vya michezo, kwa mfano mvulana anayetaka kuingia kwenye kikundi cha dansi ya baleti. Je, ni sawa kumkataa kwa sababu tu ni mvulana? Karibu wote walisema si sawa, na wakataja haki. Hapo huyo ni mvulana wetu wa tatu anazungumza. Lakini swali lilipoongezwa uzito, nafasi imebaki moja, na yule ambaye watu wamezoea kumwona kwenye kikundi cha aina hiyo ndiye anayejua zaidi, watoto wakubwa walielekea kumchukua anayejua ili kikundi kifanye vizuri. Huyo ni mvulana wa pili. Yule wa kwanza anasimamia sababu ya tatu ambayo watafiti hukutana nayo: mazoea, kwamba kitu fulani ni cha watu fulani.

Kwa hiyo ukimsikia mtoto anamkataa mwenzake, kabla hujafoka, sikiliza kwanza ni sababu ipi ameitoa. Anayesema "tumetimia" anahitaji mtu wa kumsaidia kupanga zamu. Anayesema "siyo wa wasichana" ana jambo jingine kabisa.

Na kundi halihitaji sababu kubwa ili lizaliwe. Mwisho wa Desemba watu wanapopanda mlimani nyumbani, Marangu, Kibosho, Rombo, watoto kutoka Dar hukutana na binamu zao. Bibi mmoja, chungu kimoja cha mtori. Siku ya kwanza tu wameshagawanyika: wa mjini na wa huku. Wa huku wakitaka siri wanahamia Kichagga. Wa mjini nao wanajikunja kwenye simu, hawamwonyeshi mtu. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha jaribio alilofanya na wavulana wa miaka 14 na 15 huko Bristol, Uingereza. Waliambiwa wako kundi moja kwa sababu ndogo kabisa, kama kupenda picha za mchoraji huyu kuliko yule. Wakapewa nafasi ya kugawa hela kwa wengine waliotajwa kwa namba tu, bila majina. Waliwapendelea wa kundi lao, na wengi walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu mradi tu liwapite wale wengine kwa pengo kubwa. Majaribio ya baadaye yaliwavalisha watoto wa miaka mitano fulana za rangi bila mpangilio wowote, na wakaanza kuwapenda zaidi wenye rangi yao. Aliyekulia kati ya Simba na Yanga hatashangaa.

Haki yenyewe pia haikui kwa namna moja kila mahali. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofanywa katika nchi saba, Uganda na Senegal zikiwemo. Watoto wawili waligawiwa pipi, na mmoja angeweza kuukataa mgao ili wote wakose. Kupata pungufu kuliko mwenzake kulikataliwa na watoto wa nchi zote saba kadiri walivyokua. Lakini kukataa kupata *zaidi* ya mwenzake kulionekana kwa wakubwa wa Uganda, Kanada na Marekani tu. Kulia "kaka kapewa kubwa!" kunakuja mapema. Kusema "yangu imezidi, tugawane" kunachelewa, na nadhani kunategemea sana mtoto anachokiona kwa wakubwa wake.

Nirudi kwa mvulana wa pili, kwa sababu ndiye anayenisumbua. "Hajui" ni sababu inayosikika kama haki. Timu ina haki ya kutaka wanaojua. Ila kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyojifunza kuificha sababu ya kwanza nyuma ya sababu ya pili, na mtu mzima anaipokea bila kuikagua. Nilimwita pembeni nikamuuliza umejuaje kwamba hajui.

"Hajawahi kucheza na sisi, anti."

"Kwa nini hajawahi?"

Akaangalia chini, akakwangua vumbi kwa kidole cha mguu. "Huwa tunamkataa."