Kuambiwa "ni mawazo tu": maswali na majibu kuhusu akili na mwili

Nimepimwa moyo, damu na mkojo, vyote vizuri, nikaambiwa "ni mawazo tu". Kwa hiyo maumivu nimejitungia?

Hapana. Maumivu ni ya kweli na vipimo navyo huenda viko sahihi. Ubongo ukiona hatari, iwe nyoka uani au ujumbe wa mwenye nyumba anayedai kodi, unaamsha mfumo uleule. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, zinamwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Baada ya dakika kadhaa inafuata homoni ya kotisoli. Moyo unakwenda mbio, ini linaachia sukari, damu inapungua tumboni ili iende kwenye misuli, shingo na taya vinakaza.

Nyoka akiuawa, mwili unatulia. Deni la kodi haliuawi kwa fimbo, basi shingo inabaki imekaza wiki nzima, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni kila jioni. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha shingo iliyokaza. Aliyekwambia "ni mawazo" huenda yuko sahihi. Neno "tu" ndilo analopaswa kuliondoa.

Mawazo yanaleta vidonda vya tumbo, si ndiyo?

Imani hii imekita mizizi, na imewachelewesha wengi kupata tiba. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waligundua bakteria anayeitwa Helicobacter pylori kwenye tumbo la wagonjwa wenye vidonda. Wenzao walipokataa kuamini, Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen zinazomezwa kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti.

Mawazo yanachofanya ni kuzidisha kiungulia, kujaza gesi na kulifanya tumbo lihisi maumivu makali kuliko kawaida, hata pasipo kidonda. Ndiyo maana ni lazima upime. Omba kipimo cha kinyesi au cha pumzi, na kabla ya kupima acha omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4, kwa makubaliano na daktari, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna bakteria na kumbe unao. Kipimo cha damu hakikwambii kama umepona, maana kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kufa. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo, uwe na mawazo au usiwe nayo.

Hospitalini presha yangu ni 150/95, nyumbani 125/80. Ipi ya kweli?

Zote mbili. Wapo ambao presha yao hupanda kwa kumwona tu aliyevaa koti jeupe. Ila kabla hujajiweka kundi hilo, hakikisha unapima vizuri nyumbani:

Kojoa kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa kimya dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini, usikunje nne. Mkono uulaze mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo na juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Futa namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa 135/85 au zaidi nyumbani ni presha ya kupanda.

Makosa tunayoyaona kila siku ni mkanda mdogo kwa mkono mnene, na kupiga soga wakati mashine inasoma. Yote mawili yanapandisha namba. Kosa la tatu ni baya zaidi: mtu anaitwa mgonjwa wa "presha ya mawazo", basi siku akiwa na amani hamezi dawa. Hakuna presha ya namna hiyo. Ikishathibitika kuwa imepanda, dawa ni ya kila siku, na mawazo yanashughulikiwa pembeni.

Moyo unaanza kwenda mbio ghafla, vidole vinakufa ganzi, naona nakufa. Ni moyo au ni hofu?

Ikiwa ni mara ya kwanza, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Usijitibu kwa kubahatisha. Maumivu ya kifua yanayokandamiza kama umewekewa gunia, yanayopanda taya au kushuka mkono, yenye jasho la baridi, hayasubiri, hasa kwa mwenye kisukari au presha.

Moyo ukishaonekana mzima, mara nyingi hilo ni shambulio la hofu. Hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Ganzi inatokana na kupumua haraka: unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, na damu ikibadilika hivyo vidole na midomo huchomachoma, kichwa kinakuwa chepesi. Kwa hiyo anayekushika bega na kukwambia "vuta pumzi kubwa, kubwa" anakuongezea tatizo. Vuta taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, toa kwa mdomo kama unayepoza chai ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Mfuko wa karatasi usoni achana nao; kama kumbe ni pumu, unajinyima hewa.

Ugonjwa wa mwili unaweza kuleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha?

Ndiyo. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa damu, kisukari, hata baadhi ya dawa. Kabla ya kukubali kwamba uchovu na huzuni ni vya akili peke yake, pima angalau wingi wa damu, sukari na homoni za tezi hiyo.

Nimenunua diazepam duka la dawa nipate usingizi. Kuna ubaya?

Upo. Inalaza siku za mwanzo, kisha mwili unaizoea na kutaka zaidi. Kama umeimeza kwa wiki nyingi, usiikate ghafla, kwani unaweza kupata degedege. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Mwanasaikolojia ananifanyia nini zaidi ya kuniambia "usiwaze sana"?

Akiishia hapo, tafuta mwingine. Mfano mzuri uko Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 waliofunzwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Hawakutamka neno sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa "ana mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Kinachofanyika kwenye benchi ni kutatua tatizo moja kwa wakati. Chukua mama mwenye deni la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mume asiyesema naye. Anayataja yote, kisha anachagua moja, si lazima lililo kubwa kuliko yote. Tuseme deni. Wanaorodhesha njia zote, hata za ajabu: kuuza cherehani, kumwomba mwenyekiti apunguze marejesho, kukopa kwingine, kuhama. Anachagua moja na kuipa siku na saa: "Jumamosi kabla ya kikao nitaongea na mwenyekiti, nikiwa na elfu kumi mkononi." Wiki inayofuata wanaangalia ilikuwaje. Pale ambapo njia hii huharibika ni mshauri anapochagua tatizo kwa niaba ya mgonjwa.

Nikipewa dawa za sonona, zinafanya kazi lini?

Wiki 2 hadi 4 kwa kawaida, wakati mwingine 6. Kinywa kukauka au kichefuchefu hutangulia nafuu, ndiyo maana wengi huacha wiki ya kwanza. Ukishapata nafuu, huendelea kutumiwa walau miezi 6.

Ndugu yangu anasema "heri nife". Nimuulize au ninyamaze?

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vyote vilivyomo ndani, kisha mfuatane leo hii hadi hospitali iliyo karibu. Ukifika dirishani, usiseme "anaumwa kichwa" kwa kuona aibu ya foleni, sema alichokwambia.