Je, ni lazima mwanajeshi wa zamani aache pombe kwanza ndipo apewe nyumba?

Wengi wanaamini kwamba mwanajeshi wa zamani wa Marekani anayelala nje hawezi kusaidiwa kupata nyumba mpaka aache ulevi na kumaliza matibabu. Imani hiyo ina chanzo: kwa miaka mingi programu nyingi ziliendeshwa hivyo.

Vocha ya serikali kuu ya kulipia kodi ya nyumba kwa wanajeshi wa zamani haina sharti hilo. Nyumba hutangulia, matibabu hufuata, kwa sababu ni vigumu mno kumeza dawa kwa wakati au kutimiza miadi ya daktari ukiwa unalala kwenye gari. Familia ya mwanajeshi huhamia pamoja naye. Kwa kawaida mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, na vocha hulipa kinachobaki hadi kiwango kilichowekwa.

Kinachokwamisha mara nyingi ni makaratasi. Hati ya kutoka jeshini, DD 214, huwa imepotea. Nakala huombwa bure. Muda wa kutafuta nyumba ni angalau siku 120, na nyumba hukaguliwa kabla ya kuhamia. King'ora cha moshi kisicholia kinatosha kuifelisha, na familia ikabaki nje wiki nyingine. Bonyeza kitufe chake mapema, mbele ya mwenye nyumba.

Ukiambiwa hustahili, omba jibu kwa maandishi pamoja na kifungu cha kanuni, kisha kisome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali. Tazama na tarehe, maana kanuni hubadilika. Hata aliyetoka jeshini bila heshima kamili huenda bado anastahili, hivyo asijiondoe kabla hajauliza.