Mafuta ya chini ya barafu: tunayoambiana Kibirizi na ukweli ulivyo

"Kule ni barafu tupu, waache wachimbe." Kauli hii huisikia mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kila redio inapotaja mafuta ya Bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, tena kwa watu wanaowajua samaki kuliko mimi. Si kweli. Chini ya barafu ile anaishi samaki mdogo anayetaga wakati wa baridi kali, na mayai yake huelea juu mpaka yakagusa barafu kwa upande wake wa chini. Mafuta nayo huelea. Yakivuja, yanakwenda kutuama palepale penye mayai. Sili, nyangumi na ndege wa baharini wanamtegemea samaki huyo kama migebuka wetu wanavyomtegemea dagaa, na Wainupiat, wenyeji wa pwani ya Alaska huko Marekani, nao wanakula kutokana na bahari hiyo.

"Yakimwagika, watayasafisha."

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Aprili 2010 kisima cha mafuta kililipuka katika Ghuba ya Meksiko, wakafa watu 11, na mafuta yakavuja siku 87 kabla hayajazibwa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, bandari zilikuwa karibu, vyombo vilikuja kwa maelfu. Pamoja na yote hayo, mafuta yaliyokombwa juu ya maji yalikadiriwa kuwa asilimia 3 tu. Sasa hamishia ajali hiyo Bahari ya Chukchi, kaskazini mwa Alaska, mwezi Oktoba. Barafu inafunga, giza linaingia, na kituo kikubwa cha walinzi wa pwani kiko Kodiak, karibu kilomita 1,500 kutoka pale. Kisima cha kuokolea, yaani kisima cha pili kinachochimbwa ili kuziba kile kinachovuja, kingesubiri kiangazi kijacho, huku mafuta yakisambaa chini ya barafu ambako hakuna anayeyaona. Kwenye baridi hiyo hata bakteria wanaoyala mafuta hufanya kazi polepole.

Machi 1989 meli Exxon Valdez ilimwaga lita milioni 40 hivi za mafuta kusini mwa Alaska, mahali pasipofungwa na barafu. Zaidi ya miaka 20 baadaye, ukichimba kokoto za ufukweni ulikuta mafuta bado yapo.

"Kampuni kubwa zina utaalamu."

Kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa nao. Mtambo wake wa kuchimba, Kulluk, ulikwama ufukweni Alaska tarehe 31 Desemba 2012 ukiwa unavutwa kwenye dhoruba. Mwaka 2015 kampuni ikaondoka Chukchi baada ya kutumia takriban dola bilioni 7.

"Tusipoyachimba, petroli itaadimika."

Hofu hii naielewa, maana mvuvi hupanga safari ya usiku kwa bei ya petroli. Lakini makadirio ya Marekani ya mwaka 2008 yaliweka mafuta ambayo hayajagunduliwa Aktiki kuwa mapipa bilioni 90. Dunia inatumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku. Piga hesabu: ni kama miaka miwili na nusu, na kisima huchukua miaka mingi kabla hakijatoa pipa la kwanza.

"Kigoma inatuhusu nini?"

Mafuta hayo yakichomwa, dunia inazidi kupata joto, na Ziwa Tanganyika halijasalimika. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho vinabaki kilindini, na chakula cha dagaa kinapungua. Uvuvi wa kupita kiasi nao una sehemu yake, na mwaka 2024 tulifungiwa ziwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Kumwachia ziwa dagaa azaliane, huku tukishangilia visima vipya vya kulipasha joto zaidi, ni kazi bure.

"Antaktika itafunguliwa kwa wachimbaji mwaka 2048."

Hapana. Itifaki ya Madrid, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1991, inakataza kuchimba madini na mafuta kule kwenye ncha ya kusini ya dunia, na katazo halina tarehe ya mwisho. Kuanzia 2048 nchi yenye kura katika mkataba huo inaweza tu kuomba mkutano wa kuipitia upya. Aktiki haina ulinzi wa namna hiyo. Greenland, kisiwa kikubwa cha Aktiki, ilisitisha leseni mpya za kutafuta mafuta mwaka 2021, lakini huo ni uamuzi wa serikali moja, na serikali nyingine inaweza kuufuta. Ninachotaka ni Aktiki nayo iwekewe katazo lenye nguvu kama la Antaktika.